Anashtuka Usiku: Ni Ugonjwa Tu?

Mwenzi wako ana skizofrenia. Usiku anashtuka, hataki kuguswa, mtaa fulani hapiti kabisa. Mnasema, "Si ugonjwa wake huo!" Kweli?

Mwaka 1998 Kim Mueser na wenzake, huko Marekani, walichapisha utafiti wa wagonjwa 275 wenye maradhi makali ya akili. Asilimia 98 walisema wamewahi kupatwa na tukio la kutisha. Waliokutwa na maradhi ya kiwewe walikuwa 119. Walioandikiwa hivyo kwenye mafaili? Watatu tu! Jamani, nani aliwauliza?

Jinamizi linalorudia tukio lile lile lina tiba yake ya mazungumzo. Dawa asiache. Ila kliniki, daktari amuulize taratibu kama aliwahi kuumizwa, nawe subiri nje. Wengine waliumizwa nyumbani.