Daftari la Jeni za Mibuni: Programu za Kuhifadhi Data ya Tofauti za Kijenetiki

Makala haya yanadhamiria kueleza jinsi programu za kompyuta zinavyohifadhi data kubwa ya tofauti za kijenetiki, kwa kurejelea mibuni ya Nyeri na miji jirani ya Mlima Kenya kama vile Karatina, Kerugoya na Embu.

Katika miteremko hiyo hupandwa aina kadhaa za kahawa ya Arabika. SL28 iliteuliwa na Maabara ya Scott katika miaka ya 1930. Ladha yake husifiwa, lakini hushambuliwa na chulebuni, maradhi yaozeshayo buni changa ambayo yalitambuliwa Kenya mwaka wa 1922. Watafiti wa Ruiru walitoa aina ya Ruiru 11 mwaka wa 1985, kisha Batian mwaka wa 2010, iliyopewa jina la kilele kirefu zaidi cha mlima huo. Zote mbili hustahimili maradhi hayo. Tatizo ni kwamba miche hufanana machoni pa mnunuzi. Mkulima akiuziwa aina asiyoikusudia, huenda asigundue hadi mbuni uzae, miaka miwili au mitatu baadaye.

Jawabu limo katika DNA. Wanasayansi huisoma DNA ya kila mmea, wakailinganisha na jenomu ya marejeleo, kisha wakaandika kila tofauti. Matokeo yake ni jedwali: kila mstari ni nukta moja ya jenomu, na kila safu ni mmea mmoja. Mimea 1,000 ikichunguzwa katika nukta 1,000,000, jedwali huwa na visanduku bilioni 1. Programu za kawaida za ofisini hulemewa na mzigo huo.

Programu ya PLINK, iliyotangazwa mwaka wa 2007, hutumia mbinu sahili. Kila kisanduku kina majibu manne tu: nakala mbili za kwanza, nakala mbili za pili, mchanganyiko, au data kukosekana. Majibu manne hutoshea katika biti mbili. Hivyo baiti moja hubeba visanduku vinne, na jedwali zima huchukua takriban megabaiti 250. Programu nyingine huambatisha faharasa, ili sehemu inayohitajika ifunguliwe bila kusoma faili yote.

Hata hivyo, Arabika ina mtego wake. Kromosomu zake 44 zilitokana na spishi mbili, canephora na eugenioides, ambazo zinakaribiana. Programu isiyochujwa vyema huweza kuhesabu tofauti baina ya wazazi hao kana kwamba ni tofauti baina ya mimea. Jenomu ya Arabika iliyochapishwa mwaka wa 2024 imesaidia kuzipambanua pande hizo mbili.

Ni dhahiri basi kwamba kompyuta hulinganisha tu kile ilichopewa. Sampuli ya marejeleo ikiandikwa jina lisilo lake, kila mche utakaolinganishwa nayo utapewa jina hilo la uongo, na hasara itamwangukia mkulima. Uaminifu wa daftari huanzia kitaluni, kwenye kibandiko cha mche wa kwanza.