Vitonge vya Viazi na Mchuzi wa Nyanya katika Nchi ya Unyanyembe

Mwezi wa Juni mwaka 1871, Henry Morton Stanley alipowasili Unyanyembe na msafara wake uliotoka Bagamoyo, aliikuta nchi ina mpunga, viazi vitamu, muhogo, mtama na mahindi, na kandokando ya matembe ya Waarabu wa Tabora akaona ngano kidogo iliyolimwa kwa chakula cha wenye nyumba, pamoja na vitunguu, thaumu, pilipili na nyanya. Habari hizo akazitia katika kitabu chake kilichochapwa mwaka uliofuata. Mpenda mapishi aisomapo orodha hiyo atatambua jambo ambalo yamkini Stanley mwenyewe hakulidhania, nalo ni kwamba mahitaji ya chakula kile Wataliani wakiitacho gnocchi, yaani vitonge vidogo vya viazi na unga wa ngano viliwavyo kwa mchuzi wa nyanya, yalikuwa yamekwisha kukutana Tabora, ghairi ya kiazi mbatata peke yake. Wala Wataliani hawana sababu ya kujivuna, maana mbatata na nyanya asili yake ni Amerika, kama ulivyo muhogo wetu na mahindi yetu, na vitonge vyao vya kale vilikuwa vya unga na makombo ya mkate.

Mtu wa Tabora atakaye kuvipika leo aweza kutumia mbatata ziletwazo kwa malori kutoka Mbeya na Njombe, ama viazi vitamu vya kwao. Lakini kwa vyovyote atakavyochagua, adui yake ni maji. Kiazi chenye maji mengi hudai unga mwingi, na unga ukizidi, vitonge huwa vigumu na vizito tumboni. Kwa hiyo mbatata sharti ziwe kuukuu, zenye wanga mwingi, zichemshwe na maganda yake, zimenywe zingali moto na kupondwa papo hapo, ili mvuke utoke. Zikipoa kabla ya kupondwa, hutoka mabonge. Kisha unga wa ngano utiwe kidogo kidogo, na mkono uwe mwepesi, kwa kuwa ngano ina gluteni, ambayo kadiri ukandavyo ndivyo izidivyo kukaza. Sifa hiyo yafaa kwa chapati, hapa ni madhara matupu.

Kiasi chake? Pellegrino Artusi, aliyetoa kitabu chake mashuhuri cha mapishi mwaka 1891, ametaja gramu 400 za viazi kwa gramu 150 za unga, akasimulia na habari ya bibi mmoja aliyeubania unga, hata alipotia mwiko sufuriani avikoroge vitonge vyake, asikute kitu, vimeyeyuka vyote. Mimi naona kiasi hicho ni kingi kwa mbatata kavu. Heri kuanza na pungufu, kisha kutosa kitonge kimoja katika maji yachemkayo kabla ya kukata vingine. Kikishikamana, basi, kikivunjika, ongeza unga.

Kiazi kitamu kina ukaidi wake, kwani ndani yake mna kimeng'enya ambacho kikipata moto wa taratibu hugeuza wanga kuwa sukari, nacho kiazi kikalegea. Chagua cheupe kikavu, wala usikitose majini, bali kioke majivuni au ukipike kwa mvuke. Hapa wanawake wa Kinyamwezi wana maarifa ya siku nyingi, kwani ndio watengenezao michembe, ambayo ni viazi vibichi vilivyokatwa na kuanikwa, na matobolwa, yaani vilivyochemshwa kwanza kisha vikaanikwa. Michembe ikitwangwa na kuchekechwa, unga wake waweza kushika mahali pa theluthi ya unga wa ngano: hunywa unyevu wala haukazi. Usizidishe hapo, maana ngano ndiyo ishikizayo.

Donge lisokotwe kama kamba nene kiasi cha kidole gumba, likatwe vipande, na kila kipande kibonyezwe kwa uma kipate mifuo ya kushikia mchuzi. Maji yawe mengi, yenye chumvi, yakitokota. Vitonge vikielea, subiri kitambo kidogo uviopoe.

Mchuzi uwe tayari kabla ya hapo, kwani vitonge havingoji. Kaanga kitunguu kwa mafuta ya alizeti hata kilainike, tia thaumu, kisha nyanya zilizoiva sana, zilizomenywa na kukatwakatwa, uziache jikoni bila kifuniko hata maji yakauke na mafuta yaanze kujitenga pembeni. Majani machache ya mrehani yatiwe mwisho. Wataliani hunyunyiza jibini juu yake, kitu kisichopatikana kwa urahisi kila soko. Karanga za Tabora, zilizokaangwa na kutwangwa nusunusu, zafaa badala yake, na kwa kiazi kitamu mimi nazifadhilisha kuliko jibini.