Kupandisha mwendo wa ordinatere ya zamani: faida iko wapi, hatari iko wapi

Siku ya posho ndoa inafungwa. Siku ya kazi ya kwanza familia iko tayari ku mlango, inauliza video yao. Kwa kijana wa Butembo mwenye kufanya montaji na mashini moja tu, shida inaanza hapo. Ordinatere yake iko na miaka zaidi ya kumi, inakula masaa mengi juu ya kutoa video moja, na wakati huo grupu inaendelea kunywa esanse. Kiisha rafiki anamuambia: «Prosesere yako unaweza kuipandisha mwendo. Itakuwa sawa mpya, bila kulipa hata franka moja.»

Rafiki hakudanganya. Lakini hakusema yote.

Prosesere inafanya kazi kwa mapigo, kama moyo. Gigahezi moja ni mapigo miliari moja kwa segonde. Tuchukue Core i5-2500K ya Intel, iliyotoka mwanzo wa 2011. Karti mere inatoa mapigo milioni 100, prosesere inayazidisha mara 33, na inafika gigahezi 3,3. Ukibadilisha ile 33 kuwa 40 ndani ya BIOS (yaani ile ukurasa ya mipango inayofunguka mbele ya Windows), unapata gigahezi 4. Mafundi wanaita kazi hiyo overkloki. Inawezekana sababu kiwanda kinaacha nafasi kidogo: prosesere hazitoki zote na nguvu sawasawa, na kiwanda kinapanga mwendo ambao hata ile dhaifu itaweza kuushika.

Kizuizi cha kwanza watu wengi hawakijui. Mashini mingi ya okazyo inayouzwa Butembo na Beni, ile inayopita Mombasa na Kampala na kuingilia Kasindi, ilitumika kwanza ku biro za Ulaya ao Marekani: Dell OptiPlex, HP Compaq na ndugu zao. BIOS yao imefungwa, haina mahali pa kubadilisha mwendo. Tena, ku prosesere za Intel za wakati ule, zenye mwendo wazi ni zile zenye herufi K ku mwisho wa jina. Core i5-2400 haina K, basi mwendo wake hauko wazi kabisa. Na hata ukipata K, ukiiweka ndani ya OptiPlex haisaidii kitu, juu karti mere nayo inapaswa kukubali, mfano zile zenye chipu P67 ao Z68. Kwa upande wa AMD, prosesere za FX zote zilitoka zikiwa wazi. Kwa hiyo mbele ya kushika turnevise, soma kwanza jina la prosesere na la karti mere. Mara nyingi jibu liko pale: haiwezekani.

Kuko njia ingine ya zamani, ya kupandisha yale mapigo ya karti mere yenyewe. Ku Core 2 Duo watu waliifanya sana. Lakini inavuta na RAM pamoja, na mwenye kuanza anapotea haraka. Aiache.

Sasa tuhesabu faida. Ile i5-2500K, wakati vichwa vyake vine vinafanya kazi pamoja, inajipandisha yenyewe mpaka 3,4. Ukiiweka ku 4, video iliyotumia dakika 60 itatumia karibu dakika 51, na hiyo ni kama disiki na RAM hazichelewi. Dakika tisa. Kwa mwenye kutoa video kila juma, ni kitu. Kwa sekretaria ya komini ya Kimemi ao ya Mulekera, yenye kuandika barua na kuchapa travaye za wanafunzi, ni bure kabisa. Word haingojei prosesere. Inangojea disiki.

Gharama nayo inakuja kwa umeme na joto. Umeme unaoliwa unapanda pamoja na mwendo, lakini volti zinahesabiwa mara mbili: volti mara volti. Mtu akitoka 3,3 mpaka 4,4 na kupandisha volti kutoka 1,20 mpaka 1,35, mwendo umeongezeka kwa tulu moja, lakini prosesere inakula karibu mara 1,7. Iliyokula wati 80 itakula kama 135. Zote zinageuka joto, na zote zinatoka ku grupu, ku batri za sahani ya jua ao ku umeme unaolipiwa. Luviro, katika teritware ya Lubero, ambako hifadhi ya Virunga ilianza mwaka wa 2020 kutumia umeme wa maji kwa mashini za Bitcoin, kazi yenyewe ni hesabu hiyo: umeme unaoingia, joto la kuondoa, faida inayobaki.

Na grupu ndogo haitoi volti zilizotulia. Alimantasyo ya zamani, yenye kondansatere zilizochoka, inaweza kuvumilia mwendo wa kawaida lakini ikianguka wakati mzigo unapanda. Ikipasuka inaweza kuchukua karti mere pamoja nayo. Bila regilatere ao ondilere nzuri, jambo hili lisianzishwe. Mashini ikiungua, ni minerval ya watoto imeungua.

Hewa nayo iko na neno lake. Butembo, karibu metre 1.800 juu ya bahari, inapoza mashini bila kulipisha. Beni iko chini zaidi na joto ni nyingi. Mwendo ulioshikika Butembo unaweza kukataa Beni saa nane ya mchana.

Kwa hiyo anza na kazi ya mikono. Zima, ondoa waya, toa vumbi lote ndani ya vantilatere, maana vumbi nyekundu ya barabara inaziba zile meno za chuma kama matope. Panguza ile pati ya zamani iliyokauka juu ya prosesere, paka mpya, kidogo tu. Ongeza bareti ya RAM kama nafasi iko. Weka SSD. Mafundi wengi wanaona mteja akirudi kufurahi hapa, bila overkloki yoyote.

Kama bado unataka, na mashini inakubali, kopia kwanza mafaili yote ku disiki ya inje. Usiguse volti. Pandisha namba moja kwa mara, 34, 35, 36, na kila mara utumie programu ya kupima kama Prime95 kwa saa nzima, huku ukiangalia joto na Core Temp. Ikipita degre 80, rudi nyuma. Ikizima yenyewe, ikileta ekra ya buluu, ao Prime95 ikionyesha kosa hata moja, rudi nyuma vilevile: mashini yenye kukosea hesabu inaweza kuharibu video ya ndoa bila wewe kujua mpaka familia iifungue.

Ikikataa kuwaka kabisa, usikimbilie kuuza vipande. Ondoa waya wa umeme, toa ile batri ya duara CR2032 ku karti mere, ngojea dakika kumi, rudisha. BIOS itasahau namba ulizoandika na kurudi ku zile za kiwanda.