Kufumba kama Kipimo cha Umilisi: Misimbo ya Kompyuta, Kinyume na Ufundishaji wa Kiswahili Arua na Koboko

1.0 Utangulizi
Katika Arua na Koboko, Kiswahili hukutana na Kilugbara, Kikakwa na Kinubi. Kwa kiasi kikubwa kilifika huko kupitia jeshi, jambo lililokipa sura ya lugha ya amri. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili ya Uganda, lakini sura hiyo haifutwi na sheria pekee. Makala hii inapendekeza mchezo wa kufumba kuwa njia mojawapo ya kuibadili darasani.

2.0 Fumbo katika msimbo
Mwaka 1984, Landon Curt Noll na Larry Bassel walianzisha nchini Marekani shindano la IOCCC, ambamo washiriki huandika kwa makusudi programu za lugha ya C zisizosomeka kwa urahisi. Programu sharti iwe fupi na ifanye kazi, na mwandishi huambatisha maelezo. Mfano mashuhuri ni programu ya Brian Westley ya mwaka 1988. Kwa macho, ni duara lililochorwa kwa vistari. Ikiendeshwa, hulinganisha eneo la duara hilo na kipenyo chake, kisha hutoa thamani ya pai: 3.141. Asiyezijua kanuni za C barabara hawezi kuzichezea hivyo.

3.0 Kinyume
Waswahili wana mchezo unaofanana na huo, ambao Edward Steere aliueleza katika karne ya 19. Silabi ya mwisho huhamishiwa mwanzo: ‘leta maji’ huwa ‘tale jima’, na ‘nyumba’ huwa ‘mbanyu’. Mwanafunzi anayesema ‘mbanyu’ bila kusita amekwisha kutambua kwamba ‘mba’ ni silabi moja, hata kama hajafundishwa istilahi hiyo.

4.0 Mjadala na hitimisho
Kinyume hutumika pia kumficha mgeni jambo. Katika eneo la mpakani lenye lugha nyingi, hatari hiyo si ndogo. Hapa shindano la misimbo lina funzo: anayefumba hudaiwa ufumbuzi. Kwa hiyo mwalimu awape wanafunzi kanuni kwanza, na kila anayetunga fumbo aeleze mwishoni jinsi alivyolitunga. Amri hudai utii tu. Fumbo humwalika msikilizaji afikiri na ajibu. Kiswahili kikichezewa hivyo Arua na Koboko, kitakuwa mali ya wanaojifunza.