Dawa ya Moyo kwenye Kidole cha Mtoto Njiti

Mtoto njiti aliye mahututi huenda akawekewa mrija mwembamba kwenye ateri ya kitovu au ya mkono, ili apimwe shinikizo la damu na kuchukuliwa sampuli bila kuchomwa sindano kila mara. Mara chache mrija huo huleta balaa. Ukiwa wa kitovu, ateri hujikaza au huzibwa na damu iliyoganda, vidole vya mguu vikapauka, vikageuka zambarau, na damu isiporudi, vikawa vyeusi. Ukibinya kidole kizima kisha ukakiachia, wekundu hurudi baada ya sekunde chache. Kidole kilichoathirika hubaki kimepauka.

Tiba ya kwanza si dawa, ni kuuchomoa mrija. Madaktari wengi pia huupasha joto mguu wa pili, ule mzima, ili mishipa ya upande ulioathirika ilegee kupitia neva. Mguu wenyewe ulioathirika hawaupashi, maana joto huzidisha mahitaji yake ya oksijeni ilhali haipati.

Hali isipobadilika, ndipo hufikiriwa marhamu ya nitrogliserini. Ndiyo, ni nitrogliserini ile ile ya baruti ya Alfred Nobel, ambayo mwaka 1879 daktari Mwingereza William Murrell aliitangaza kuwa tiba ya maumivu ya kifua yatokanayo na moyo. Mwilini hutoa oksidi ya nitriki, nayo hulegeza misuli ya kuta za mishipa. Mwaka 1992 Journal of Pediatrics ilichapisha taarifa za vichanga waliopakwa marhamu yake ya asilimia 2, na taarifa za namna hiyo zimeendelea kuandikwa.

Hapo ndipo penye shida. Nyingi ya taarifa hizo ni habari za mgonjwa mmoja au wachache, na daktari huona raha kuandika habari za aliyepona. Isitoshe, mrija ulikwishachomolewa. Nani ajuaye kilichoponya? Madhara nayo yapo: ngozi ya njiti ni nyembamba mno, dawa hupenya hadi kwenye damu na kushusha shinikizo, na damu ya kichanga ni nyepesi kupata methemoglobini, isiyobeba oksijeni. Kwa maoni yangu, inafaa kujaribiwa pale tu kidole kiko hatarini, mtoto akipimwa shinikizo muda wote.

Mzazi, ukiona vidole vya mwanao vimebadilika rangi, usivikande wala usiviwekee chupa ya maji moto. Mwite muuguzi papo hapo.