Kinanda cha watoto kimerudi

Ndugu wazazi, wengi mlituuliza kwa nini watoto wanaimba bila kinanda. Tunasema ukweli: ni sisi walimu tuliokiharibu.

Tulikipeleka Bujumbura, maana kule intaneti ni nzuri, tukiwekee programu mpya. Kazi ikiwa katikati, umeme ukakatika! Uliporudi, taa iliwaka lakini sauti hakuna. Fundi wa kwanza, pale Buyenzi, alisema basi, kimekufa, tununue kingine. Kwa pesa gani? Tulikosa hata la kusemezana. Nani angewaambia ninyi mliochanga?

Kumbe hakikufa. Fundi wa pili alitueleza kwamba programu inaandikwa upya ndani ya kumbukumbu ya chombo, na umeme ukikatika inabaki nusu. Lakini vinanda vingi vina programu nyingine ndogo ya kuwashia, isiyoguswa. Hiyo ndiyo inayookoa. Alichukua kwa watengenezaji faili ya kinanda cha aina ile ile hasa, akaiweka kwenye flashi tupu, nje ya folda yoyote, bila kubadili jina. Akashikilia vitufe viwili vilivyotajwa katika kitabu chake (kila aina ina vyake), akawasha. Safari hii alichomeka kwenye inveta ya betri ya gari, siyo ukutani. Sisi hatukuwaza hilo.

Tukangoja, hakuna anayesema. Halafu kikalia!

Nyimbo tulizohifadhi humo zimefutika zote. Tunazirekodi upya na watoto, Jumamosi saa nane, kama zamani.