Meli kubwa za kitalii: miji inayoelea baharini



Tarehe 27 Januari mwaka 2024, meli iitwayo Icon of the Seas iliondoka katika bandari ya Miami, kusini mwa Marekani, kuanza safari yake ya kwanza ya abiria katika bahari ya Karibiani. Urefu wake ni takriban mita 365, nayo ina sitaha 20, moja juu ya nyingine mithili ya ghorofa. Hubeba abiria 5,610 pale kila chumba kinapolaliwa na watu wawili, na vitanda vyote vikijaa idadi hiyo hufika 7,600. Ukiongeza wafanyakazi 2,350, unapata watu wanaokaribia 10,000 ndani ya chombo kimoja. Mwezi Agosti mwaka 2025 pacha wake, Star of the Seas, naye akaanza kazi.

Je, meli hizi zilifikaje ukubwa huo? Zina nini ndani yake? Na gharama ya anasa hiyo, ukiacha nauli ya abiria, inalipwa na nani? Hayo ndiyo tutakayoyaangalia leo.

Kwanza tufafanue kipimo chenyewe. Meli za abiria hulinganishwa kwa tani, lakini tani hizo hazihusiani na uzito. Ni kipimo cha nafasi yote iliyofungwa ndani ya meli, kwa mujibu wa mkataba wa kimataifa wa mwaka 1969. Kwa kipimo hicho, Icon of the Seas ina tani 248,663. Titanic, iliyozama mwaka 1912, ilikuwa na urefu wa mita 269 na tani zipatazo 46,000 kwa hesabu za zama zake. Kwa hivyo, mpenzi msikilizaji, kwa urefu meli hii mpya haijaizidi Titanic hata kwa mita 100, ilhali kwa nafasi ya ndani inaizidi zaidi ya mara tano. Tofauti hiyo imo katika upana na kimo. Zipo meli za makontena zenye urefu wa karibu mita 400, lakini kabla yake hakuna chombo cha abiria kilichopata kuwa na nafasi kama hiyo.

Zamani watu walipanda meli kwa sababu hapakuwa na njia nyingine ya kuvuka bahari. Mambo yalibadilika mwezi Oktoba mwaka 1958, ndege za jeti zilipoanza kuwabeba abiria juu ya Atlantiki kwa muda wa saa chache. Baada ya hapo makampuni ya meli yalibaki na vyombo visivyo na wasafiri, na yaliyonusurika ni yale yaliyogeuza safari kuwa mapumziko. Kampuni ya Royal Caribbean iliundwa mwaka 1968 na Carnival mwaka 1972, zote zikitegemea maji ya joto ya Karibiani na bandari ya Miami.

Mashindano ya ukubwa yakafuata. Mwaka 1988 Sovereign of the Seas ilishangaza watu kwa tani zake 73,000. Mwaka 1996 Carnival Destiny ikawa meli ya kwanza ya kitalii kuvuka tani 100,000. Mwaka 2004 Queen Mary 2, iliyojengwa Ufaransa kwa ajili ya safari za Southampton na New York, iliingia baharini ikiwa na tani zaidi ya 148,000 na ukumbi wa kutazamia nyota, wa kwanza kuwekwa ndani ya meli. Miaka miwili tu baadaye Freedom of the Seas ikaipita.

Ama kuhusu vivutio, mwaka uliobadilisha sura ya biashara hii ni 1999. Mwaka huo Voyager of the Seas ilikuja na uwanja wa kuteleza kwenye barafu, ukuta wa kukwea, na barabara ya maduka na mikahawa yenye kimo cha sitaha nne katikati ya meli. Freedom of the Seas ya mwaka 2006 ikaongeza bwawa lenye mawimbi ya kutengenezwa kwa mashine, ambamo abiria hujifunza kuyapanda kwa ubao. Mwaka 2009 ilikuja Oasis of the Seas, yenye bustani iliyo wazi kwa mbingu, iliyopandwa mimea hai zaidi ya 12,000. Huko pia kuna farasi wa mbao wa kuzunguka kwa ajili ya watoto, na upande wa tezi pana ukumbi wa maonyesho ya wapiga mbizi. Vyumba vingine vina roshani zinazotazama bustani badala ya bahari, kwa kuwa meli imekuwa pana mno kiasi kwamba si kila chumba kinaweza kuwekwa ukingoni.

Washindani hawakukaa kimya. Mwaka 2017 Norwegian Joy ilianza kazi ikiwa na njia ya mashindano ya magari madogo, na mwaka 2021 Mardi Gras ya kampuni ya Carnival ikaleta kigari cha michezo kinachokimbia kwenye reli juu kabisa ya meli. Icon of the Seas nayo ina mabwawa saba, mitelezo sita ya maji na kuba kubwa la kioo upande wa omo, ambamo maonyesho ya majini huendeshwa usiku.

Huenda msikilizaji akajiuliza, jengo refu namna hii linasimamaje juu ya maji bila ya kupinduka? Siri yake ni mgawanyo wa uzito. Mitambo, matangi ya mafuta na ya maji, na maghala huwekwa chini kabisa, wakati sitaha za juu hujengwa kwa uzito mdogo kadiri inavyowezekana. Upana nao husaidia: usawa wa maji Icon of the Seas ina mita zaidi ya 48, ingawa sehemu iliyozama ni mita 9 na ushei tu. Meli hiyo haina usukani wa kawaida. Inasukumwa na rafadha tatu zilizoning'inizwa chini ya tezi, kila moja ikiwa na mota ya umeme ya megawati 20, nazo huweza kugeuzwa upande wowote.

Hata hivyo, kimo kina taabu zake. Oasis of the Seas ilijengwa Turku nchini Finland, na ili kutoka katika bahari ya Baltiki ilibidi mwaka 2009 ipite chini ya daraja la Great Belt la Denmark, ambalo lina uwazi wa mita 65. Meli ilikuwa na mita 72 juu ya maji. Wahandisi walikuwa wameliona hilo mapema, wakatengeneza dohani zinazoweza kushushwa. Aidha nahodha aliongeza mwendo kwa makusudi, kwani meli inayokwenda kasi katika maji ya kina kidogo huzama kidogo zaidi. Ikapita, nafasi iliyobaki juu yake ikiwa haifiki mita moja.

Kwa nini basi makampuni yanajitia katika tabu hiyo? Jibu ni hesabu. Meli moja kubwa huhitaji nahodha mmoja tu, hivyo gharama kwa kila abiria hupungua kadiri abiria wanavyoongezeka. Jambo la pili ni kwamba nauli si mapato yote. Katika kampuni ya Royal Caribbean, takriban asilimia 30 ya mapato hutokana na matumizi mengine ya abiria, kama vile vinywaji, kasino, mikahawa maalumu na matembezi. Kila saa ambayo abiria anabaki ndani ya meli ni saa ambayo mfuko wake uko karibu na duka la kampuni. Makampuni yamefika hata kuwa na fukwe zao wenyewe, kama kisiwa cha CocoCay katika Bahamas, ili hata siku ya kushuka pwani isiende mbali na hesabu hiyo.

Hapa ndipo wakazi wa miji ya bandari wanapoingia katika habari hii. Wasikilizaji wetu wa Muscat wamezizoea meli za kitalii zinazofunga gati Matrah, na wale wa Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam huziona pia, ingawa si hizi kubwa kupita zote. Wale wa Doha wanakumbuka Kombe la Dunia la mwaka 2022, pale MSC World Europa, yenye tani zaidi ya 215,000, ilipogeuzwa hoteli ya mashabiki wa kandanda. Faida kwa wachuuzi na madereva ni ya kweli, lakini ina mipaka: mgeni aliyekwisha lipia chakula cha meli hurudi kula melini, na hakodi chumba mjini. Huko Italia, serikali ilipiga marufuku meli zenye tani zaidi ya 25,000 kupita katikati ya Venice kuanzia Agosti 1, 2021, baada ya miaka mingi ya malalamiko kwamba zinauharibu mji huo wa kale.

Tuje sasa kwa wale wanaoiendesha anasa hii. Waswahili wa pwani wana msemo, enda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chini ya mabwawa na mikahawa ndiko wanakoishi wapishi, wafuaji, wasafishaji na mafundi, wengi wao wakitoka Ufilipino, India na Indonesia, na aghalabu wakilala wawili au zaidi katika chumba kisicho na dirisha. Icon of the Seas hupeperusha bendera ya Bahamas ijapokuwa kampuni yake ina makao yake Miami, na nchi ya bendera ndiyo yenye dhamana ya kwanza ya kusimamia masharti ya kazi melini.

Kinga yao kubwa ni Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 2013. Mkataba huo unaipa nchi hiari ya kuchagua mojawapo ya mizani mbili: ama saa za kazi zisizidi 14 kwa siku na 72 kwa wiki, ama saa za mapumziko zisipungue 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Mwenye kupiga hesabu atatambua kwamba mizani ya pili inaacha mwanya wa kufanya kazi hadi saa 91 kwa wiki. Kijana anayetafuta ajira hiyo, awe wa Mombasa au wa Manila, hana budi kuuliza mkataba wake unafuata mizani ipi kabla ya kutia saini.

Na vipi kuhusu usalama? Usiku wa Januari 13 mwaka 2012, Costa Concordia iligonga mwamba karibu na kisiwa cha Giglio nchini Italia ikiwa na watu zaidi ya 4,200. Watu 32 walifariki dunia, na nahodha aliyeiacha meli kabla ya abiria wake alihukumiwa kifungo cha miaka 16. Mamia ya abiria waliokuwa wamepanda siku hiyo hiyo walikuwa hawajafanyiwa zoezi la kujiokoa. Tangu Januari 2015 sheria za kimataifa zinataka zoezi hilo lifanywe kabla ya meli kuondoka ama mara tu inapoondoka. Sisi tunaokumbuka MV Bukoba katika Ziwa Victoria mwaka 1996, na Spice Islander katika maji ya Zanzibar mwaka 2011, hatuhitaji kuelezwa umuhimu wa kujua idadi ya waliomo chomboni na namna ya kuwatoa.

Hatari nyingine ilijidhihirisha Februari 2020, pale Diamond Princess ilipozuiliwa Yokohama nchini Japani ikiwa na watu 3,711. Zaidi ya 700 kati yao waliambukizwa virusi vya korona, na mwezi uliofuata biashara yote ya meli za kitalii ikasimama duniani.

Mwisho ni suala la hewa na bahari. Meli nyingi mpya, Icon of the Seas ikiwemo, zinatumia gesi asilia iliyopozwa hadi kuwa kimiminika. Gesi hiyo hutoa moshi mchafu kidogo kuliko mafuta mazito. Hata hivyo, sehemu yake hupita katika mitambo bila kuungua na kutoka angani ikiwa methani, ambayo huongeza joto la dunia kwa nguvu kubwa kuliko kaboni. Wanamazingira wanasema kwamba nafuu inayopatikana upande mmoja hupotea upande wa pili.

Wapenzi wasikilizaji, mwenye uwezo wa kusafiri kwa meli hizi ataona maajabu ya uhandisi, na si vibaya kuyafurahia. Ila akishatembea tezi na omo, na amkumbuke pia aliye ngamani, na mwenyeji anayemsubiri gatini.